Pilipili na kompyuta zilizofungwa wenyewe wakiwa nje

Saa tatu asubuhi Pilipili amelala chali chini ya meza ya watu, tochi mdomoni, akipapasa mgongo wa kompyuta ambayo mafundi wengine wameshaizika. Anachomoa waya wa mtandao, anaupuliza, anaurudisha. Kitaa cha kijani kinawaka.

"Waya mzima," anasema akijikokota kutoka huko chini, vumbi limemjaa kwenye nyusi. "Anayetusumbua yuko humu ndani ya mashine."

Mashine yenyewe ni ya mezani, ya zamani, feni yake inakoroma kama mtu mwenye mafua na herufi kadhaa za kibodi zimefutika. Mwenye nyumba, mshonaji mstaafu, amesimama nyuma yake mikono kiunoni. Mumewe ameketi karibu na dirisha, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Pilipili ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye watoto wawili anaowalea peke yake. Kazi yake ni kutengeneza kompyuta za watu majumbani mwao. Siku ikimwendea vizuri hupata nyumba tatu. Siku mbaya hurudi na nauli tu. Jina la Pilipili alipewa na wateja. "Hawakunipa kwa sababu ya uzuri," anasema, na hacheki.

Leo ana sababu ya kuwa mkali. Mzee aliyeketi dirishani alikuwa dalali wa mnada. Kwa miaka thelathini aliuza ng'ombe, makabati na magari ya watu kwa koo lake tu. Mwanzoni mwa mwaka akapata kiharusi. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, sauti haikurudi. Hospitali ikampangia mwalimu wa matamshi, wanaonana naye kwenye kompyuta mara mbili kwa wiki. Sasa ni zaidi ya mwezi hawajaonana. Programu ya masomo inafunguka, inazungusha kiduara, kisha inaandika kwamba imeshindwa kuunganishwa.

"Mwalimu alituambia miezi ya mwanzo ndiyo ya kupigania," anasema mkewe. "Na sisi tumeimaliza hapa tukitazama kiduara kinazunguka."

Kosa la kwanza lilikuwa la mkwe wao. Programu ilipogoma siku za mwanzo, alizima ukuta wa ulinzi, ile sehemu ya kompyuta inayokaa kama bawabu na kumhoji kila anayeingia na kutoka. Somo likapita, lakini na takataka nazo zikapita. Kabla ya wiki kwisha, matangazo ya aibu yalikuwa yanajifungua yenyewe mbele ya wajukuu. Wakaipeleka mashine kwenye duka kubwa la kompyuta. Duka likaisafisha, likauwasha ukuta, likairudisha. Tangu hapo, hakuna somo.

"Tukaibeba tena," anasimulia mama huyo. "Wakaniambia, mama, hii imezeeka, nunua mpya, tunayo hapa hapa. Nikawauliza, mbona yote mengine yanafanya kazi? Wakaniangalia kama nimeuliza bei ya mwezi."

Pilipili anafungua mipangilio ya ukuta. Vitufe vyote vimefifia, havibonyezeki. Chini yake kuna mstari mmoja unaosema mabadiliko yafanywe na msimamizi wa kompyuta.

"Mama, msimamizi wa kompyuta hii ni nani?"

"Si mimi? Niliinunua mwenyewe, risiti ninayo."

"Humu ndani wewe ni mgeni. Msimamizi ni duka."

Anasukuma kiti nyuma, akisugua paji la uso. Mkono huu anaujua. Aliwahi kuajiriwa kwenye duka hilo hilo. Anasema bosi wake aliwaagiza mafundi kwamba kila kompyuta ya nyumbani inayoingia, hasa ya mzee, iondoke ikiwa imefungwa kwa neno la siri la duka. Mteja akitaka kubadilisha hata kitu kidogo, lazima arudi. Akichoka kurudi, auziwe mpya.

"Nilimwambia huo ni wizi. Akaniambia huo ni utaratibu," anasema. "Nikatoka siku ile ile bila hata kuchukua kikombe changu cha chai."

Anapiga simu na kuiweka mezani, sauti wazi. Bosi wake wa zamani anapokea kwa uchangamfu mpaka anapomtambua.

"Niko kwa mteja wako," Pilipili anasema. "Ukuta mliouwasha unaizuia programu ya hospitali. Naomba neno la siri la msimamizi."

"Dada, hayo ni mambo ya usalama. Walete mashine dukani."

"Wameleta mara mbili. Mwenyewe yuko hapa, anakusikia."

"Basi atakuwa anaelewa kwamba kitu cha zamani kina mwisho wake."

Dirishani, mzee anageuka. Uso umemwiva. Mdomo unahangaika, unapinda, unafunga na kufunguka, na mkewe anataka kumkimbilia, lakini anamzuia kwa kiganja. Linalotoka linatoka kwa shida, limekatika katikati, ila kila aliyemo chumbani analisikia.

"Mwi... zi."

Simu inakatwa upande wa pili.

Mkewe anamtazama kama mtu aliyemwona mtoto akisimama dede. Ni neno lake la kwanza linaloeleweka tangu somo lilipokatika.

Pilipili anageukia kibodi. "Mama, mashine ni yako. Unaniruhusu nijaribu kuifungua?"

"Ifungue. Hata kwa nyundo."

Nyundo haihitajiki. Anaandika neno lile lile la siri lililokuwa likitumika dukani enzi zake, jina la duka na tarakimu tatu. Mlango unafunguka mara moja. Badala ya kufurahi, Pilipili anapiga meza kwa kofi mpaka kipanya kinaruka.

"Miaka minane tangu nitoke," anasema. "Hajabadilisha. Nyumba zote alizopita zina ufunguo mmoja, na kila fundi aliyewahi kumfanyia kazi anao. Halafu ananiambia usalama!"

Mama mwenye nyumba, aliyechoka kusubiri, anamwomba azime ukuta wote yaishe. Pilipili anakataa, tena kwa ukali. "Hapana, mama. Kuuzima ndiko kulikowafikisha hapa. Bawabu abaki, tumwambie tu nani apite."

Anaipitia orodha ya amri za ukuta moja baada ya nyingine. Anaikuta ile inayoizuia programu ya masomo, anaifuta. Anaandika ruhusa kwa programu hiyo peke yake. Anagundua pia kwamba kompyuta imeambiwa iko kwenye mtandao wa watu wote, kama iko sokoni. Anairekebisha ijue iko nyumbani. Kisha anageuza uso ukutani, mshonaji aandike neno lake jipya la siri bila kuonwa na mtu.

"Usiniambie hata mimi," anamwonya. "Nikikuuliza, nifukuze."

Kiduara kinazunguka. Kinazunguka tena. Halafu uso wa mwalimu wa matamshi unatokea, miwani imeteremka puani, naye anauliza walipotelea wapi. Mzee anasogezwa mbele ya kamera. Mwalimu anataka kujua kama kuna neno lolote ambalo ameanza kulisema.

"Lipo," anajibu mkewe. "Ila si la heshima."

Mwalimu analisikia, anacheka, anasema herufi zake ni ngumu na amezitoa vizuri. Wataanzia hapo hapo. Pilipili hacheki. Ameketi kwenye kochi, anahesabu kwa vidole mwezi na ushee wa masomo yaliyopotea. "Huyu mzee nani atamrudishia siku zake?" anauliza. "Kompyuta nimeiponya. Siku siwezi."

Nia yake sasa ni kuzunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, kuwafundisha watu kuondoa ufunguo wa duka na kuweka wao wenyewe, bila malipo. Atakaowakuta wamefungiwa, atawaomba waende naye pamoja kwenye ofisi inayopokea malalamiko ya wateja. "Peke yangu wataniita fundi mwenye wivu," anasema. "Tukijaa mlangoni, watatafuta jina jingine."

Mshonaji anamwacha mumewe na mwalimu wake, anavaa viatu, anasema watakwenda wote. Mlango wa jirani unafunguliwa na mwanamume aliyeshika kijiko cha mtoto. Kabla hawajamaliza salamu, anawaonyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa kwenye kona.

"Ile? Imezeeka," anasema. "Dukani wametuambia tununue mpya."

Pilipili anamtazama mshonaji, kisha anainama na kuvua viatu.