Kiwanja Kilichokunywa Maji Yetu

Msichana akianguka kwenye kiwanja chetu cha zamani, mechi ilisimama ili atolewe miiba. Refa alikuwa ameshazoea. Alipuliza kipenga, akatazama juu kama mtu anayesubiri maombi marefu yaishe, na mimi nikapiga magoti kwenye changarawe nikiwa na sindano niliyoichomeka kwenye ukosi wa shati. Nilikuwa mwalimu wa Jiografia katika shule ya kutwa isiyo mbali na Mutomo. Kwa kuwa nilicheza mpira wa wanawake nikiwa chuoni, timu ya wasichana niliangushiwa mimi.

Walikuwa wachezaji wazuri. Mshambuliaji wetu, binti wa jirani yangu, alikuwa na mbio za kutisha na hasira za karibu. Kila alfajiri kabla ya shule alikwenda mtoni na mama yake na punda wao. Mto wenyewe hauna maji ya kuonekana. Ni mchanga mtupu. Watu huchimba shimo, wanangoja maji yajikusanye chini, wanayateka kwa kata ya kibuyu hadi mtungi ujae. Nilipoona msichana huyo anachelewa mazoezi sikumuuliza alikuwa wapi.

Halafu wageni wakaja. Walitoka katika mfuko wa klabu moja ya mpira ya ng'ambo, ambao mashabiki wake walikuwa wakichanga kusaidia viwanja vya jamii katika sehemu kavu. Walitaka kiwanja kisichoharibu mazingira: kisima cha mashine kinachovutwa kwa sola, nyasi zinazovumilia jua, na miche ya mukau, mti unaostahimili ukame, kuzunguka pande zote. Tena, mradi kiwanja kiwe hai na kichezewe, wangelipia karo ya kila msichana wa timu. Walichotaka kwetu ni jambo moja. Jamii nayo ichangie, ili mradi uwe wa wenyewe.

Tulifanya harambee kanisani baada ya ibada. Pesa hazikuwepo, kwa hiyo watu walitoa walichokuwa nacho. Huyu miti ya ua, yule mawe, akina mama siku za kuchimba mitaro. Mama yangu alileta jogoo wake mwekundu. Pasta, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kiwanja, akampiga mnada. Kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena, mpaka jogoo mwenyewe akachoka akalala mikononi mwa pasta, na kanisa zima likacheka.

"Mwaitu," nilimwambia mama tukirudi nyumbani, "si huyo ndiye alikuwa anakuamsha?"

"Nitaamshwa na kelele za mpira," akasema.

Siku mashine ilipopiga maji, masomo yalikufa. Kwanza lilitoka vumbi jeupe, likatufunika nyuso, kisha tope, kisha maji yakaruka juu kama yanamtafuta mtu. Akina mama walipiga vigelegele. Mama alikinga kiganja, akaonja, akatema kidogo.

"Yana chumvi."

"Ni kidogo tu," fundi akasema.

"Sijakataa. Chumvi si dhambi."

Nyasi zililetwa kwa malori kutoka upande wa Nunguni, kule juu kwenye baridi na ukungu, zimekatwa vipande vipande zikakunjwa kama mikeka. Wazee wa timu ya zamani ya wanaume walizipanga, wasichana wakazikanyagia. Zilipokwisha kushika, nikawaambia wavae viatu twende mazoezini, na hakuna aliyetaka kuvaa. Mshambuliaji alilala kifudifudi katikati ya uwanja, mikono ameitandaza. Nilidhani anafanya mzaha. Nilipokaribia nikasikia anavuta pumzi.

"Mwalimu," akasema bila kuinua uso, "kumbe dunia ina harufu."

Msimu huo tulicheza mpira ambao sijauona tena. Wasichana walijirusha, waliteleza, waliangukia mabega wakainuka wakicheka. Timu zilitoka Mutomo na mbali zaidi kuja kuonja nyasi zetu. Jioni watu walikaa nje ya ua kutazama maji yakirushwa kwa duara, na watoto walikimbilia pale yanapoangukia. Asubuhi bomba la kando lilifunguliwa na jamii ikachota. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mama yangu hakwenda mtoni.

Mvua za Novemba hazikuja. Tulisema zimechelewa. Zile za Machi zilianguka siku chache, zikalowesha vumbi, zikaenda zao. Mahindi yalitoka kimo cha goti yakakauka yakiwa yamesimama. Mtoni mashimo yalizama mpaka mtu akiingia haonekani kichwa. Watu waliokuwa wakichota huko walianza kuja kwenye bomba letu, kisha watu wa vijiji vya mbali wenye punda, kisha wafugaji. Nami nilikuwa nafundisha kidato cha tatu kuhusu maji ya ardhini. Nilichora ubaoni tabaka za mawe na maji yaliyofungiwa katikati, nikageuka, nikaona wanafunzi wangu wanatazama dirishani kuelekea kiwanjani.

Pampu ikaanza kukohoa. Ilitoa maji saa za asubuhi, ikatulia mchana kutwa, ikatoa tena kidogo. Haikuweza tena kutosheleza nyasi na watu. Pasta akaita mkutano katika darasa langu.

Nilikuwa nimejitayarisha. Nilidhani jambo liko wazi: nyasi zife, watu wanywe. Nikasema hivyo. Kisha jirani yangu, mama wa mshambuliaji, akasimama. Alikuwa mwanamke mwembamba, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kamba za mitungi.

"Nyunyizeni nyasi," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Mama, wewe ndiye unayechota maji hapo kila siku."

"Najua. Nitarudi mtoni. Mtoni nilikuwa nimezoea. Lakini nyasi zikikauka, karo imekwisha. Huyu msichana nitampeleka wapi? Maji mtu anaweza kuyafuata popote, Mwalimu. Shule utaifuata wapi?"

Mzazi mmoja nyuma akasema amina, kisha mwingine. Mwanamume asiyekuwa na binti kwenye timu akauliza kama sisi ni wazima, kama mbuzi wake wafe ili mpira udunde vizuri. Kelele zikaanza. Pasta alipiga meza kwa kiganja. Mwisho tukagawa: nusu ya maji iende kwa nyasi, nusu kwa bomba. Ufunguo wa bomba nikapewa mimi, kwa sababu kila mtu alisema mwalimu hatapendelea. Nilitoka pale nikiwa sijui nimeshinda au nimeshindwa.

Kufunga lile bomba ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Saa ilipofika, foleni ilikuwa bado ndefu. Siku moja alibaki mama mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa ametoka mbali, na nyuma yake alikuwa mama yangu mwenyewe. Mama hakutaka kupitishwa mbele, alikataa tangu siku ya kwanza. Nilishika kufuli. Nyuma ya ua, maji yalianza kuzunguka juu ya nyasi, tukayasikia sote. Yule mama mwenye mtoto alitazama yale maji kupitia nafasi za miti, kama mtu anavyotazama chakula cha harusi ya watu asiowajua.

Nikamfungulia. Akajaza, akashukuru, akaondoka.

"Na mimi je?" mama akauliza.

"Jaza, Mwaitu."

Alitikisa kichwa. "Ukinijazia mimi, kesho utasemwa." Akauchukua mtungi wake mtupu. Alipofika njiani akageuka. "Mwanangu, hizo nyasi hazina shukrani. Lakini usilie. Hukuziita wewe."

Tangu siku hiyo nilifungua kila nilipoombwa, na kila nilipofungua, fungu la nyasi lilizidi kupungua. Zikageuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Kwenye eneo la kipa zilikatika. Chumvi ya kile kisima ikaanza kujitokeza juu ya udongo, nyeupe kama unga uliomwagika. Mikau, mti wetu wa nyumbani, ndiyo peke yake iliyoonekana kustahimili, mpaka mbuzi walipovunja ua upande wa chini wakaila yote, pamoja na nyasi zilizobaki upande huo. Mwenye mbuzi alikuja kuomba msamaha machozi yakimtoka. Watatu wake walikuwa wamekufa wiki hiyo kwa njaa. Ningemwambia nini?

Mwishowe pampu ikatoa tope, halafu upepo. Fundi alikuja kutoka Kitui, akashusha kamba yake ndani, akaipandisha, akanionyesha ncha. Ilikuwa kavu.

"Chimbeni zaidi," akasema.

Nikapiga simu Nairobi kwa afisa wa ule mfuko. Alikuwa kijana mpole, aliyenisikiliza mpaka mwisho. Akasema anaelewa, na nadhani alielewa kweli. Akasema awamu ya visima imefungwa, sasa wako kwenye awamu ya vyumba vya kubadilishia nguo. Atalifikisha suala letu juu.

"Juu ni wapi?" nikamuuliza.

Akajibu: "Hata mimi, madam, sijawahi kufika."

Wageni wenyewe walikuja baadaye. Mmoja alikuwa mchezaji wa zamani wa klabu ile, Mzungu mrefu anayechechemea. Alivua viatu ukingoni mwa uwanja, nikataka kumwambia avae, kuna miiba, lakini alikuwa ameshaingia. Alitembea mpaka katikati, akainama kwa shida kwa sababu ya goti lake, akashika nyasi. Zikamvunjikia mkononi. Wasichana walikuwa wamepangwa mstari mmoja wakiwa na jezi safi, wamefundishwa wimbo wa kuwakaribisha, na hakuna aliyejua kama ni wakati wa kuuimba.

Mama yangu alimletea maji kwenye kikombe cha bati. Ndivyo mgeni anavyopokewa. Yalikuwa ya mtoni, aliyachuja kwa kitambaa lakini rangi haikutoka. Yule mzungu alikitazama kikombe. Aliyekuja naye akamwambia jambo kwa sauti ya chini, nadhani alimkataza. Akanywa yote. Akamrudishia mama kikombe kwa mikono miwili, akataka kusema kitu, uso ukamkunjamana kama wa mtoto.

"Mwambie pole," mama akaniambia. "Ametoka mbali."

Nikamtafsiria. Hapo ndipo alipolia kabisa, na sisi tukasimama pale tukimbembeleza.

Waliahidi kujitahidi, na naamini walijitahidi. Ikaja barua pepe yenye maneno mazuri: mradi kwetu umesitishwa mpaka hali iruhusu, na karo itaishia muhula ule. Niliisoma mara mbili nikitafuta mtu wa kumlaumu. Sikumpata. Kila mtu katika jambo hili alikuwa ametoa kitu chake kizuri.

Mshambuliaji aliondoka kwanza. Shangazi yake alimtafutia kazi ya hoteli Emali, kwenye barabara ya Mombasa, kuosha vyombo na kupeleka chai kwa madereva wa malori. Alikuja kuniaga akiwa na begi la shule, ndani ameweka nguo. Nilitaka kumwambia asiende. Nilikuwa na mshahara wa mwalimu na wadogo zangu watatu shuleni. Nikamshika mkono, nikamwambia akipata timu huko acheze.

"Huko kuna timu ya wanaume tu, Mwalimu," akasema.

Waliobaki walipungua mmoja mmoja. Hatukukosana. Jumamosi moja nilifika kiwanjani na mpira kwapani nikakuta hakuna mtu hata mmoja. Nilingoja. Upepo uliokota vumbi lenye chumvi ukalipeleka golini. Baadaye nikateremka kuelekea mtoni, nikijua nitawapata huko, na kweli walikuwa huko, wamezunguka shimo pamoja na mama zao. Mmoja alikuwa chini ndani, hatukumwona. Tulisikia tu kata ikikwaruza mchanga. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali njiani kuhusu nidhamu na mazoezi. Msichana akatolewa nje kwa kamba, amelowa tope mpaka kiunoni, anatetemeka, na mtungi ulikuwa haujafika nusu.

"Nani anaingia?" jirani yangu akauliza. Hakuwa na binti tena wa kumsaidia.

Wasichana walitazamana. Walikuwa wamechoka wote. Nikauweka mpira kwenye mchanga, nikavua viatu, nikajifunga kamba kiunoni. Jirani yangu akanikabidhi kata, nikashuka.