Kofi la Binti Riziki

Siku yangu ya kwanza kazini niliishika maikrofoni kwa mikono miwili. Ukumbi ulikuwa chini ya jengo la ghorofa mtaani Hillbrow, huku kusini mwa Afrika tulikohamia, hewa nzito, na watu wa kwetu Bukavu, Warundi, Watanzania na Wakenya wamebanana kwenye mabenchi wakimsubiri mkalimani wa filamu, ndiye mimi. Nilikuwa nimezoea kutafsiri mahubiri kanisani tu. Mwenye ukumbi, Mtanzania mwenye kitambi, aliniambia, "Huku hatuhubiri, Papa. Huku mtu amelinda geti wiki nzima, anataka kucheka."

Basi nikajifunza kuchekesha kwa mshahara, na wanangu, hiyo inachosha kuliko kubeba saruji. Kwanza unawabatiza wahusika, yaani unawapa majina ya kwetu, maana ya kigeni hakuna atakayeyashika. Halafu kuna kujaza: mwigizaji akinyamaza, wewe hunyamazi, unamsemea anachowaza. Na kuna salamu. Mtu anakuomba umsalimie fulani, nawe unaitia salamu yake kinywani mwa mwigizaji. Hapo ndipo ukumbi unapochangamka.

Kutoka Hillbrow nilihamia Jeppestown, kwa bosi asiyesalimia mtu, na koo likaanza kukwaruza. Mwishowe nikafika Rosettenville, kwa Mreno mzee mwenye ukumbi nyuma ya duka lake. Ndiye aliyeleta ile filamu ya Kihispania, ya mapenzi na vichekesho, mambo ya zamani ya magari ya farasi na sketi pana, kasha lake limejaa alama za tuzo. Mimi Kihispania sijui hata salamu. Mreno alikielewa kidogo, akanisimulia kisa pale kaunta. Nilipotaka kuitazama kwanza, eish, umeme ukakatwa mtaa mzima, ukarudi watu wakiwa wameshakaa.

Mchana huohuo Amani, mlinzi wa duka la jirani, alinivuta pembeni. Alimpenda Neema, msusi kutoka Bujumbura, lakini mbele yake ulimi ulimgoma. Akanisihi nimposee kwa njia ya salamu. Nilikubali, kwa kuwa Mreno alikuwa ameniambia kijana wa kwenye filamu anampigia binti goti na mambo yanaishia harusini. Hakuniambia kwamba anapiga goti mara mbili.

Kijana nilimbatiza Bwana Mapozi, binti nikamwita Riziki. Bwana Mapozi alipopiga goti bustanini, nikavuta pumzi. "Neema wa Bujumbura, Amani anasema, sina nyumba, nina mikono. Unanikubali?"

Binti Riziki akamzaba kofi hadi kofia ikaangukia bwawani. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Amani akainuka kuelekea mlangoni, kichwa chini, nami niliona aibu, jasho likanitoka.

Neema akasimama. Hakupaza sauti. "Amani, kaa chini. Aliyeulizwa ni mimi, siyo yule mzungu. Nimekubali."

Walioana, wakapata binti. Filamu ile niliisemea tena na tena kwa maombi yao, hadi nikaichoka kama ugali wa jana. Miaka ikaenda. Vijana waliozaliwa hapa, ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kizulu, kila mmoja na simu yake, na mabenchi yakabaki na sisi wazee. Amani aliugua, tukamzika. Kisha Mreno akaamua kufunga ukumbi.

Sasa nimestaafu, nakunywa maji ya tangawizi, na kusema kweli kazi yenyewe siitamani. Ninachokikumbuka ni siku ya mwisho. Neema aliomba filamu ile, akaja na bintiye, na tangu mwanzo nilikuwa nikijiuliza kama nitaweza kuyasema maneno ya marehemu mbele ya mjane wake.

Bwana Mapozi akapiga goti bustanini. Miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuacha mdomo wa mtu ucheze bila sauti, lakini siku ile nilishika maikrofoni tu, machozi yananitoka.

Nyuma yangu Neema akasema polepole, "Amani anasema, sina nyumba, nina mikono."

Kofi likalia. Hakuna aliyecheka. Binti yake akamuuliza kwa Kizulu baba alisema nini, na Neema akamtafsiria, neno kwa neno. Nami nikazima maikrofoni.