Mita ya Wageni

Miaka ile soko huria lilipokolea, kila fundi umeme wa Dodoma mwenye ngazi na koleo alitaka kuwa kampuni. Zabuni zilikuwa zikitangazwa, na wakubwa wa maofisini walianza kuuliza kama una tovuti, hata kama wenyewe hawakuwa na kompyuta ya kuifungulia. Hapo ndipo nilipopata ulaji. Niliwatengenezea wakandarasi wa umeme tovuti, kisha nikazitunza: kubadili namba ya simu, kuongeza kazi mpya, kuondoa picha ya gari lililokwisha kuuzwa. Nilifanyia kazi kwenye kompyuta ya pembeni, katika intaneti kafe moja ya mjini, na kwa muda mrefu hapakuwa na mwingine wa kazi hiyo. Niliupenda sana upekee huo.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mzee mwenye karakana Kizota, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Wenzake walimwiga kwa kila kitu. Akinunua pikapu, nao wananunua, na aliponichukua mimi, nao wakanifuata. Ndiyo maana nilimshika kama yai. Mwanzo wa tovuti yake niliweka picha yake amesimama kando ya boksi la swichi lililo wazi, kwa sababu mafundi hupimana hivyo. Hawaangalii taa inavyowaka, wanaangalia nyaya zilivyolazwa ndani. Za kwake zilikuwa zimenyooka mpaka raha.

Kisha akaja dada mmoja kutoka Dar es Salaam. Mumewe alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu, naye akaja na kompyuta yake mwenyewe. Haukupita muda akamtengenezea tovuti mkandarasi mwingine, na mji mzima, yaani sisi watu wa kafe, tukaambizana. Nilipoifungua, roho iliniuma. Ilikuwa na balbu inayowaka na kuzima yenyewe. Rangi zake zilipatana. Sizunguki: nilimwonea wivu yule dada, wivu wa kukosa usingizi.

Nikawa naifungua kila siku kutafuta kosa. Nililipata moja tu. Picha ya nguzo za umeme ilitoka ughaibuni, na nguzo zilikuwa zimesimama kwenye theluji. Nilimwambia kila aliyekaa karibu nami kwamba huyu mtu ameipeleka Dodoma barafuni. Wakainama kutazama, wakasema theluji imependeza.

Lakini kilichonimaliza ni kidude cha chini kabisa ya ukurasa: namba nyeupe kwenye vidirisha vyeusi, za kuhesabu wageni. Ukurasa ukifunguliwa, namba inapanda. Hakiulizi nani amefungua, wala kama alikuja jana. Ila kwa macho ya fundi umeme, hiyo ilikuwa mita.

Mzee wangu alinijia mbio. "Mwenzangu ana mita," alisema. "Na mimi niwekee."

Nikamwekea. Ikatambaa siku mbili tatu, ikasimama. Tovuti hiyo niliitengeneza kwa mkono wangu, naijua nje ndani, niifungue nitafute nini? Mzee akaja tena, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kijana, mimi ni mtu wa mita," alisema. "Mita ikisimama, maana yake nyumba haina watu."

Mwezi huohuo alihamia kwa yule dada.

Sijui niseme vipi jinsi ilivyoniuma. Nilikuwa kama mtu aliyeachwa na mke, halafu mke akahamia nyumba ya jirani. Wakandarasi wengine walianza kunisalimia kwa haraka, kwa salamu ya mtu anayetaka kuondoka. Nami, badala ya kuwatafuta wateja wapya, nilikuwa naufungua ukurasa mpya wa mzee asubuhi kabla ya chai, naufungua tena nikitoka kula, naufungua jioni nikiaga. Amebadilisha nini? Ameongeza nini? Ile picha yangu ya boksi la swichi dada aliiacha, ila aliikata vizuri zaidi. Mita ya mzee ikawa inapanda, naye anapita kafe kila jioni kuisoma kwa sauti. "Dada yule ananiletea watu," alikuwa akituambia sote, huku akinitazama mimi.

Ndipo malaria iliponiangusha, nikalala nyumbani wiki nzima.

Mzee alikuja kunijulia hali, na zabibu za Makutupora kwenye mfuko. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Alinipa pole. Kisha akashusha sauti, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mita imesimama," alisema.

Nilimpa pole na mimi. Moyoni furaha ilinipanda hata homa nikaisahau.

"Imesimama tangu uanze kuumwa, ila moja ile ya jioni nikifunguliwa niisome," akaendelea. "Mimi nikiitwa kwenye nyumba ambayo mita inakimbia ovyo, nachomoa kifaa kimoja kimoja. Nikichomoa friji mita ikatulia, siulizi tena. Sasa wewe umechomolewa wiki nzima."

Nilijigeuza, nikautazama ukuta. Nilijua kidude kile kinavyofanya kazi kuliko mtu yeyote pale mjini, ila sikuwahi kujihesabu mimi kuwa mgeni. Aibu ilinishika, lakini wivu ulikuwa na nguvu kuliko aibu, nikaona hapohapo nafasi ya kumrudisha.

"Basi umeona mwenyewe, mzee," nilisema. "Kule hakuna watu. Rudi kwangu."

Alichukua zabibu moja kwenye mfuko alioniletea, akaitafuna taratibu.

"Nirudi kufanya nini? Wewe ni mtu wa fani. Una tovuti zako, huzifungui. Unashinda kwenye za yule dada. Sasa mimi nisiyejua kitu niamini macho ya nani?"

Alisimama, akajikung'uta suruali, akaniambia nisiache dawa.

"Pona upesi urudi kafe," alisema akiwa mlangoni. "Ijumaa kuna watu wa zabuni wanakuja kuiona ile mita."

Ijumaa dawa nilikuwa bado sijazimaliza, lakini nilikwenda. Niliufungua ukurasa wake mara nyingi, maana nilitaka kujua dada yule ameongeza nini wiki ile niliyokuwa nimelala.