Breki ya Pili ya Behewa 417

Watu wakimsifu mjomba wangu mbele yangu, natafuta kazi ya mikono haraka. Nakata uzi, nafuta cherehani, nakunja kitambaa ambacho kilishakunjwa. Mikono yangu ikikaa bure mdomo nao unafunguka, na mimi nikishaufungua mdomo kuhusu mjomba, hakuna wa kuufunga.

Mtaani wanamwita Nusu Milimita. Ni seremala mstaafu wa karakana ya reli, kaka wa pekee wa marehemu mama yangu. Tangu astaafu, miaka kumi na tisa sasa, anatengeneza mabehewa ya mizigo ya zamani, kila kitu kimepunguzwa mara themanini na saba, behewa zima linakaa kiganjani. Ukimwambia ni ya kuchezea, chai yako utainywa peke yako. Anachana mbao nyembamba kuliko njiti ya kiberiti na kuzipanga moja moja, idadi ile ile ya behewa la kweli. Vichwa vya ribiti, ile misumari butu inayoshikanisha mabati, anavitoa kwa kusukuma sindano upande wa nyuma wa bati la kopo, kimoja baada ya kingine, huku kabana pumzi. Akishapaka rangi vizuri, anaichafua tena kwa masizi na vumbi la tofali, kwa sababu behewa la makaa ya mawe haling'ari kama bibi harusi.

Na kila behewa lina mwaka wake. "Behewa bila mwaka ni sanduku tu," ndivyo anavyosema. Mwaka huu ubao wa tatu ulikuwa umebadilishwa, mwaka ule namba zilikuwa zimepakwa upya. Kuna behewa alilolihangaikia miezi miwili, kisha akalivunja, eti komeo la mlango ni la mtindo uliokuja mwaka mmoja baadaye. Mkewe akamuuliza, "Sasa hilo nani atalijua?" Akajibu, "Mimi." Tulicheka. Na mimi nilicheka, mjinga mimi.

Mimi ni mshonaji. Maturubai yote ya mabehewa yake nimeyashona mimi, kwa sindano ndogo kuliko zote nilizonazo, na kamba zake nimezisokota kwa uzi wa hariri. Nayasema haya mjue kwamba sikuwa mgeni pale mezani. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe niliishona.

Sasa baba.

Baba yangu alikuwa mfunga breki kwenye uwanja wa mabehewa, karakana hiyo hiyo ikiwa ng'ambo ya ukuta. Behewa likiachwa bila injini, kinachoshika ni breki ya mkono, na kila behewa lina mikono miwili ya chuma, mmoja kila upande, maana lenye mzigo mkono mmoja hauliwezi. Mfunga breki anapita upande mmoja akiikandamiza, anafika mwisho, anavuka, anarudi upande wa pili akifanya vile vile. Alfajiri moja ya mvua kubwa waliacha mabehewa kumi na mawili kwenye mteremko. Maji yaliingia kwenye taa ikazimika, baba akafanya kazi kwa kupapasa. Kwenda alihesabu breki kumi na mbili. Kurudi alihesabu kumi na moja. Akasimama kwenye mvua akajiambia amekosea kuhesabu, anataka kurudi kuhakikisha, filimbi ikapigwa, akaitwa kwingine. Akaenda.

Saa mbili asubuhi wakalikata behewa la mwisho kutoka kwa wenzake, namba 417, limejaa saruji. Likaanza kutembea lenyewe. Liliteremka hadi kwenye kibanda cha mlinzi wa geti la reli, na mlinzi alikuwa ndani. Hakutoka.

Kwenye kikao cha uchunguzi hakuna aliyemlazimisha baba kusema. Alisema mwenyewe, kwa sababu ndivyo alivyo: "Kurudi nilihesabu kumi na moja." Wakatoa mchoro rasmi, ukaonyesha mikono miwili, mmoja kila upande. Behewa lenyewe lilikuwa limesagika, vipande vimeshapelekwa kwenye chuma chakavu. Wakaandika kwamba mfanyakazi amekiri kusahau breki moja. Akafukuzwa kazi. Lakini adhabu kubwa haikuwa ile. Adhabu ni kwamba aliwaamini. Mtu ameua mtu kwa kusahau, na hata hakumbuki kusahau kwenyewe.

Ni miaka ishirini na sita hiyo. Alipata kazi ya kusukuma toroli sokoni, na toroli lile akilisimamisha, hata uani petu penye sakafu iliyolala sawa kama meza, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Jiwe ni lile lile siku zote. Anakwenda ndani, anarudi kuliangalia, anakwenda, anarudi, mara tatu. Tulipokuwa wadogo tulidhani baba wote wanafanya hivyo. Mama naye aligeuka saa ya ukutani ya kumkumbusha: umefunga mlango, umezima jiko, umebeba ufunguo. Alimpenda, sikatai, lakini alimpenda kama mtu anavyombeba mgonjwa. Siku mbili kabla hajafariki alinishika mkono akaniambia, "Mwangalie baba yako. Asije akasahau kitu tena." Mkono wa pili alikuwa ameshikwa na kaka yake. Mjomba alikuwepo pale. Alisikia kwa masikio yake mawili.

Mwaka jana makao makuu ya reli wakaandaa maonyesho ya historia yao, wakasikia habari za Nusu Milimita. Wakamwomba mabehewa kumi na mawili yapangwe ndani ya sanduku la kioo. Mzee akafurahi, akanyoa ndevu. Kumi na moja alikuwa nayo. La kumi na mbili akalitengeneza upya, behewa la mizigo lenye kuta fupi, akaniletea vipimo vya turubai. Nikashona. Namba huwa anaipaka mwisho kabisa, kwa hiyo nilishona bila kujua nalifunika nini.

Bwana wa maonyesho alikuja siku ya Jumamosi mchana, kijana mpole mwenye miwani na bahasha ya michoro chini ya kwapa. Mimi nilikuwa nafunga kamba za turubai la mwisho kwa kibano. Akayapitia mabehewa moja moja, analinganisha na michoro, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye la kumi na mbili akaligeuza juu chini, akaligeuza tena.

"Mzee, hili limepungukiwa," akasema. "Breki ya mkono ipo upande mmoja tu. Huku hakuna kitu."

"Ndivyo lilivyokuwa," mjomba akasema.

"Mchoro unaonyesha pande zote mbili."

"Mchoro ni wa behewa lilivyotakiwa kuwa. Mimi natengeneza lilivyokuwa."

Kijana akacheka kidogo, akasema ni kipande kidogo tu, uzi wa waya, mzee ataongeza kwa dakika tano. Mjomba akasema haongezi. Kijana akasema basi halitaingia kwenye kioo. Mjomba akasema na lisiingie. Ndipo nikaligeuza lile behewa alilolirudisha mbele yangu nione hiyo kasoro inayogombaniwa, na kwenye ubavu wa pili, kwa rangi nyeupe ambayo ilikuwa haijakauka vizuri, nikasoma 417.

Hiyo namba kwetu haitajwi. Niliwahi kuchapwa kwa kuiandika kwenye daftari la hesabu.

Nikauliza, taratibu kabisa, "Mjomba, umejuaje lilikuwa na breki upande mmoja?"

Akachukua brashi akaanza kuifuta, na ilikuwa safi. Huyu mtu ambaye ukimuuliza komeo anakusimulia nusu saa. Nikarudia swali. Yule kijana akakusanya michoro yake, akaaga, nadhani aliniona macho.

Mjomba akaketi. Akasema lilikuja karakana likiwa na mkono mmoja wa breki uliopinda, na vipuri hakuna. Ilikuwa mwisho wa mwezi, msimamizi anataka idadi ya mabehewa yaliyotengenezwa. Akaamuru mkono uliopinda ung'olewe, behewa litoke, mwingine utafungwa likirudi. Siku hiyo mjomba alikuwa anabadilisha mbao za behewa hilo hilo. Namba ile ya ubavuni aliipaka yeye. Ajali ilipotokea msimamizi aliwakusanya wote tisa, akawaambia hakuna aliyeona kitu, na atakayeona atamfuata mfunga breki nyumbani.

"Tulikuwa tisa," akasema. "Wanane wameshatangulia mbele ya haki. Nimebaki mimi."

"Kwa hiyo ulikuwa unawasubiri waishe?"

"Niliogopa, mwanangu. Mwaka wa kwanza niliogopa kazi. Halafu nikawa kila mwaka najiambia mwaka ujao. Halafu dada akaugua. Nilitaka angalau hili lionekane."

"Lionekane na nani? Kwa darubini? Watu wapite na watoto wao mbele ya kioo, wainame, wachungulie tumbo la behewa la kiganja, waseme lahaula, yule mzee kumbe hakuwa na kosa?"

Sikumung'unya maneno siku hiyo. Nilimpa vidonge vyake vyote na nikahakikisha anavimeza. Nilimwambia mtu anayevunja kazi ya miezi miwili kwa ajili ya komeo, ameacha uongo mzima ukae kwenye nyumba ya dada yake ukila naye sahani moja. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Aliyesema hivyo hakumjua mjomba wangu. Yeye aliitembea miaka ishirini na sita na hakuchoka. Mkewe alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi, hakunitetea wala hakumtetea. Nikalifunga behewa kwenye kitambaa, nikamshika mjomba kiwiko, nikamwambia, "Vaa viatu."

Baba tulimkuta uani. Macho yake yana ukungu siku hizi, vitu vidogo havioni. Akasikia hatua, akasema, "Shemeji, leo umevaa viatu vya msibani?" Wana mzaha wao hao wawili, tangu ujana. Mjomba hakucheka. Nikaliweka behewa kwenye mkono wa baba.

"Pitisha kidole chini," nikamwambia. "Kila upande."

Vidole vyake ni vinene, vya toroli, lakini vilikwenda taratibu. Akaugusa ule mkono wa breki, mdogo kama unywele wa ufagio, akatabasamu, akasema huyu shemeji ni mchawi. Akaligeuza. Akapapasa upande wa pili, toka gurudumu mpaka gurudumu. Akapapasa tena. Tabasamu likaondoka.

"Mbona huku hamna?"

"Ni 417," mjomba akasema. "Lilitoka karakana hivyo."

Midomo ya baba ikaanza kutembea. Nilidhani anaomba. Alikuwa anahesabu. Alihesabu mpaka mwisho, kwa sauti ya chini, akasimama kwenye kumi na moja.

"Basi nilihesabu sawa," akasema.

"Ulihesabu sawa, shemeji."

"Sikusahau."

"Hukusahau."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Baba akaniomba nilishike behewa, anaogopa kuliangusha. Kisha akamuuliza mjomba swali moja tu, na mimi na hasira zangu zote nisingelifikiria. Akauliza, "Dada yako alijua?"

"Hapana."

"Alikufa anajua mumewe ni yule aliyesahau."

Mjomba akaanza kulia. Baba hakumzuia wala hakumbembeleza. Akasema, "Ya kwangu nitajaribu kusamehe, shemeji. Ya kwake sina ruhusa." Akaingia ndani.

Nilimkalisha mjomba kwenye meza yangu ya kushonea nikampa kalamu. Akaandika yote, mwaka, mwezi, jina la msimamizi na majina ya wale wanane, akatia saini. Nakala moja nikapeleka makao makuu kwa mkono wangu. Ya pili baba alikwenda nayo kwa mjane wa yule mlinzi wa geti, nyumba ambayo miaka yote alikuwa akizunguka mtaa mzima asipite mbele yake. Alikaa huko mpaka alasiri. Walichozungumza hakuniambia, na mimi kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza.

Kutoka makao makuu hakuna jibu. Waliandika tu kuuliza kama mzee atarekebisha behewa la kumi na mbili. Mjomba akakataa kuwapa hata moja, na ndani ya kioo chao, nasikia, waliweka kofia na filimbi za zamani. Behewa 417 liko kwetu, juu ya kabati, bila turubai. Turubai nililifumua mwenyewe.

Mjomba anakuja kila Jumapili. Baba anampokea, wanakunywa chai, mzaha unarudi kidogo kidogo. Mimi naendelea kukunja vitambaa. Msiniambie habari za kusamehe, nimeshaambiwa na watu wenye baba zao wazima.

Juzi baba alirudi kutoka sokoni, akasimamisha toroli uani, akachukua jiwe lake akaliweka nyuma ya gurudumu. Akaingia ndani. Akarudi kuliangalia. Damu ikanichemka, nikamwambia, "Baba, hukusahau. Ilithibitika. Liache hilo jiwe."

"Najua, mwanangu," akasema. "Mkono ndio haujajua."

Akaingia ndani, akarudi kuliangalia tena.