Rubani Aliyeitwa Maman

Enzi zetu, na nyinyi mliokulia Kamembe, upande wetu wa Rwanda, mtanishuhudia, mtoto alijifunza kutofautisha sauti kabla ya kujifunza kugawanya. Tulijua radi ya juu ya ziwa na tulijua bunduki za Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Tulipiga mpira wa majani ya migomba, tukala sambaza za kukaanga mpaka vidole vikanuka samaki darasani Gihundwe, na mlio ukitoka ng'ambo tulisimama kidogo, tukatazamana, tukaendelea. Shuleni kulikuwa na madawati matupu ambayo hakuna aliyeuliza yalikuwa ya nani. Wengine wetu walikuwa wamezaliwa Kongo na kurudi na wazazi wao baada ya yale yaliyotokea, kama jirani yangu Claudine. Kwao walikuwa watu wa kanisa, sisi wa msikiti, lakini mimi na yeye tulikuwa kitu kimoja.

Papa alikuwa fundi wa redio. Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu, na katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo palikuwa na kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu, wa Kifaransa, wa chombo cha kusafiri angani. Sijui niwaelezeje wanangu, ambao mchezo ukichelewa sekunde mbili kufunguka wanaipiga simu kofi. Ule wetu ulichukua muda wa kuchambua sahani nzima ya mchele. Haukuwa na adui wa mwisho, wala mshindi, wala wa kukuambia ufanye nini. Ulipewa chombo na nyota, basi. Sayari zote zilikuwa na nyumba tatu zilezile. Ukitua vibaya, chombo kilizama ardhini mpaka shingoni. Muziki ulikuwa ukikwama kwenye sauti moja kama mbuzi aliyefungwa. Tuliupenda hivyohivyo, tena sana.

Asubuhi moja Maman alivuka daraja kwenda Bukavu kumwona dada yake mgonjwa. Alisema atarudi kabla ya magharibi. Mchana huo vita vikaanza upande ule na mpaka ukafungwa. Magharibi ikaingia, Papa akaswali, akabaki mkekani muda mrefu kuliko kawaida yake. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Mtu akiwa ng'ambo alikuwa ng'ambo.

Kila siku Papa aliteremka mpakani kuulizia. Kabla ya kutoka alituwashia kompyuta, mimi na Claudine.

"Mucheze, batoto," alisema. "Mupandishe ile muziki. Musisikilize ile ya kule."

Mchezo uliuliza jina la rubani, na ulitoa nafasi ya herufi tano. Niliandika MAMAN. Zikaenea sawasawa.

Balaa ni kwamba kila tulipotaka kufunga, kioo kilituuliza: SAUVER MAMAN ? O/N. O ni oui, N ni non. Claudine, aliyejua Kifaransa kunishinda, alinitafsiria.

"Sauver ni kuokoa," alisema. "Ni vile banaimbaka ku kanisa."

Basi mimi nikabonyeza O kwa vidole viwili, mashini isije ikakosa kusikia.

Siku ya tano mafuta ya chombo yakaisha katikati ya nyota mbili. Hakukuwa na wa kumwita. Claudine akasema tufunge, tubonyeze N, tutarudishwa pale tulipokuwa na mafuta.

"Nikatale kumuokoa?"

"Haiko muntu, Zaina. Ni mashini."

"Basi weka weye kidole."

Claudine alinyoosha kidole. Kikakaa juu ya ile herufi, kisha akakirudisha mfukoni. Nikabonyeza O. Tangu hapo, kila tulipofungua, tulimkuta Maman palepale, gizani, bila tone la mafuta.

Mtoto wa leo angefuta mchezo. Sisi tuliendelea kuutazama. Ndipo Claudine akagundua kasoro nyingine, na hiyo ikawa neema: chombo kisicho na mafuta kilikuwa bado kinateleza, polepole, kuelekea nyota moja. Tulibandika kipande cha utepe wa Papa kwenye kioo, ukingoni mwa ile nyota, tuone kama inasogea. Kesho yake nyota ilikuwa imeuvuka utepe kwa unene wa ukucha. Tulipiga kelele za furaha, kisha nikaona aibu. Nilikuwa mtoto ambaye mama yake hajulikani alipo, na nilikuwa nafurahia mchezo. Nilijiambia nikifurahi sana nitaadhibiwa, nikiacha kucheza pia nitaadhibiwa. Usinicheke, nilikuwa na miaka kumi.

Papa aliendelea kurudi peke yake. Alitukaangia sambaza, zikaungua, tukazila bila kulalamika.

Siku ya kumi na tisa nyota ilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati, ikaanza kugeuka rangi ya chungwa. Mlango nyuma yangu ukafunguka. Muziki ulikuwa juu, sikugeuka.

"Papa, ngoja kidogo," nikasema. "Tuko karibu kufika."

Mkono ukanigusa kichwani, na haukuwa mkono wa Papa.

"Zaina," Maman akasema, "ni miye."

Alikuwa amekonda, kitenge chake kinanuka moshi. Mpaka ulikuwa umefunguliwa kwa saa chache. Dada yake hakuwa naye. Walimzika hukohuko, haraka. Nililia mpaka nikakwama pumzi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alisimama nyuma yangu na mimi nikamwambia angoje.

Papa ndiye aliyenieleza, baada ya miaka, kwamba sauver ya mashini ni kuhifadhi tu mambo yalivyo. Alicheka mpaka akafuta macho.

Siku hizi michezo inajihifadhi yenyewe, hakuna mtoto anayeulizwa lolote. Sayari zao zina majani yanayopepea, na baada ya siku mbili wanasema wamechoka. Nawachekea, na kwa kweli nawaonea wivu. Wiki iliyopita binti yangu alivuka kwenda Bukavu kumwona rafiki, na simu yake ikawa haipatikani saa mbili nzima. Enzi zetu mtu angengoja. Mimi nilitoka bila kumuaga mtu, nikateremka mpakani na kandambili za nyumbani. Alitokea anacheka.

"Maman, ni batri tu iliisha! Weye unaogopaka bure."

Nilimgombeza njia nzima, huku nimemshika mkono kama mtoto wa miaka mitatu. Tulipofika nyumbani tulimkuta bibi yake, ambaye kwa sababu ya magoti kumuuma hajavuka lango letu mwaka wa pili sasa, ameketi kizingitini. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea, kitambulisho mkononi.

"Maman, unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kumutafuta," akasema.

Kisha akamwomba mjukuu wake amsaidie kuvua viatu.