Mstari wa Thelathini na Nane

Kila likizo ndefu ya vyuo vikuu, ofisi za bunge huletewa wanafunzi wa sheria wanaosema wanataka kuutumikia umma. Hukaa wiki kumi, wakaona sheria inavyopikwa, kisha hupewa cheti na picha ya pamoja. Na kila likizo mmoja wao humwangukia Mama Jedwali, atake asitake.

Jina hilo walimpa makarani wenzake, naye alilizoea kama alivyozoea miguu kuvimba ikifika saa tisa alasiri. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa kamati. Kazi yake kubwa ilikuwa kupokea maoni ya wananchi juu ya miswada na kuyapanga kwenye jedwali: namba, kifungu, nani kasema, anaunga mkono au anapinga. Waheshimiwa husoma jedwali. Barua zenyewe hakuna anayezifungua tena, na anayekwambia zinafunguliwa anakudanganya mchana kweupe.

Mwaka huu aliletewa binti mmoja mwembamba, mwepesi wa kuuliza, ambaye ofisi nzima ilimwita Wakili ingawa hajamaliza hata mwaka wa tatu. Siku ya kwanza binti alieleza kwa nini amechagua utumishi wa umma. Alieleza vizuri, dakika kumi nzima. Mama Jedwali alimsikiliza huku akitafuta miwani, maana hotuba ile keshaisikia sana, na wengi waliomtolea leo wana ofisi zenye viyoyozi na hawapokei simu zake.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Sasa maboksi yale pale. Soma, panga. Barua zenye maneno yaleyale zinakuwa mstari mmoja, mtoa maoni mmoja. Usiniulize kwa nini."

Kwa nini? Nitakwambia mimi. Zamani kampuni moja ilituma barua elfu nne zilizotoka kwenye mashine moja, zote sawa hadi nukta. Mama Jedwali, enzi hizo bado ana damu ya moto, akazibana zote kwenye mstari mmoja. Waheshimiwa wakapiga meza kwa furaha. Tangu siku hiyo ikawa kanuni, nayo haikuandikwa popote ila kichwani mwake.

Mswada wa safari hii ulihusu barabara. Kifungu cha kumi na nne kilipanua hifadhi ya barabara kuu, na nyumba zitakazoingia humo zingebomolewa bila fidia ikiwa mwenyewe hana hati. Mojawapo ilikuwa ya mdogo wake Mama Jedwali, mjane, fundi cherehani, aliyeijenga chumba baada ya chumba kwa miaka kumi na tano. Hati hana. Nani mtaani kwao anayo?

"Dada, tumeandika barua mtaa mzima," mdogo mtu alimpigia simu. "Mzipokee vizuri."

"Usinihusishe. Leteni kama watu wengine, zitasomwa kama za watu wengine."

Alijivunia jibu hilo. Hajawahi kumpendelea mtu, si ndugu si jirani, na alibakiza miezi mitano astaafu na jina lake safi.

Wakili alifanya kazi siku nne mfululizo hadi macho yakawa mekundu. Ijumaa asubuhi akaleta jedwali la mistari sitini na mmoja. Mama Jedwali, kichwa kinamgonga, alilipitisha macho juu juu, akatia saini, tarishi akaondoka nalo. Zamani alikuwa akifungua maboksi na kulinganisha barua moja moja. Aliacha lini? Hakumbuki. Uchovu humwingia mtu kidogo kidogo, wala haupigi hodi.

Alasiri, walipokuwa wakirudisha barua kwenye maboksi, aliona rundo nene limefungwa kamba.

"Hizi ni mstari upi?"

"Wa thelathini na nane," Wakili alijibu, uso umemkunjuka. "Ziko mia moja themanini na tatu, Mama, lakini maneno yaleyale, mwandiko uleule. Nikafuata ulivyonielekeza. Mpinzani mmoja wa kifungu cha kumi na nne."

Mama Jedwali akakata kamba. Mwandiko ulikuwa mmoja kweli, wa mwalimu mstaafu aliyewaandikia majirani wasiojiweza kwa kalamu. Lakini chini ya kila barua palikuwa na dole gumba la wino, au saini ya kutetemeka, kila moja ya mtu wake. Ya tisa ilikuwa ya mdogo wake.

"Hawa ni watu," Wakili alisema polepole. "Na wanaounga mkono kifungu hicho ni wanne tu, wote mawakili wa mkandarasi mmoja. Kila mmoja aliandika kwa maneno yake, nikawapa mistari minne."

Binti akaanza kulia. Kilio chake kilimchoma Mama Jedwali, kwa sababu kosa halikuwa la binti.

"Nyamaza. Kanuni yangu, saini yangu. Jumatatu mwenyekiti ataniuliza kama jedwali ni sahihi. Kikao hakianzi bila swali hilo. Nitasema si sahihi."

"Na wakijua mdogo wako yumo?"

"Nitawaambia mwenyewe. Wanifanye watakavyo."

Siku mbili nzima aliyarudia maneno hayo akiosha vyombo, akipiga pasi. Si sahihi, Mheshimiwa. Yalikuwa mepesi mdomoni.

Jumatatu chumba cha kamati kilikuwa na joto. Wakili alikaa nyuma, ukutani. Mwenyekiti alifungua karatasi zake, na bila kuinua macho akauliza, "Karani, jedwali ni sahihi?"

"Ni sahihi, Mheshimiwa."

Alijisikia akisema. Mdomo umejibu hivyo miaka ishirini na sita, nao ulijibu kabla mwenyewe hajafika. Bado angeweza kunyoosha mkono. Kifungu cha pili kilipita, cha tano, cha tisa, na kila kimoja alijiambia hiki kikiisha tu. Aliogopa. Tusimpambe, aliogopa.

"Cha kumi na nne. Wanne wanaunga mkono, mmoja anapinga. Kinapita."

Mkono ulikuwa juu ya meza, na ulibaki juu ya meza.

Kwenye korido Wakili alimkabili. "Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana."

Binti alimtazama kidogo, kisha akaenda zake bila salamu. Mama Jedwali hakumlaumu.

Jioni mdogo wake akapiga simu. Cherehani ilisikika ikizunguka. "Dada, zile barua zetu zilisomwa?"

Alikuwa amechoka mno hata kudanganya.

"Zilihesabiwa moja," alisema. "Ni mimi. Niliulizwa kama ni sawa, nikasema ni sawa."

Cherehani ikanyamaza.

"Jumamosi una nafasi?" mdogo wake aliuliza mwishowe. "Njoo unisaidie kufunga vyombo. Peke yangu sitaweza."