Koti la Baba na Blanketi la Mbwa

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyochukua mkasi nikakata koti la marehemu baba ili nimshonee mbwa blanketi. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, na nilijiona mtu mwenye akili.

Nimeikumbuka tena juzi kwa sababu ya mjukuu wangu. Yeye hushona mablanketi ya mbwa, mito ya mbwa na vitu vya mbwa kuguguna, hapo Kakamega mjini, na wateja anao. Wenzangu huku Malinya wakisikia hucheka, wanasema mbwa wa siku hizi wanalala vizuri kuliko sisi. Mimi sicheki. Kazi hiyo niliwahi kuifanya mara moja tu, nikaifanya vibaya, ingawa mshono wenyewe ulikuwa mzuri.

Baba alikufa wakati wa mvua. Alikuwa na mbwa aliyeitwa Tomi, ambaye alimfuata kila mahali, hata uwanjani asubuhi za mapigano ya mafahali. Baada ya mazishi Tomi alilala kando ya kaburi, amelowa, na chakula hakugusa. Nilimhurumia. Nikafikiri kwamba akipata kitu chenye harufu ya baba, pengine atatulia. Koti la baba la sufu lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango.

Kwetu, nguo za marehemu huwa hazina mwenyewe mpaka ukoo uketi na kuzigawa. Nililijua hilo. Nilijiambia tu kwamba koti limechakaa viwiko na hakuna atakayelitaka. Sikumwuliza mtu.

Sindano na uzi niliazima kwa shemeji yangu Roselida, mke wa kaka yangu. Kaka alifanya kazi mbali na alikuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo Roselida ndiye aliyeishi nasi siku zote. Ndiye pia aliyenifundisha kushona, nilipokuwa shuleni na kaptura zangu hazikuisha kuchanika. Alinipa kopo lake zima la vifaa vya kushonea bila kuuliza ninashona nini.

Kwanza niliondoa vifungo vyote sita, nikavitia ndani ya kopo, kwa sababu mbwa humeza kifungo. Hilo hata leo namkumbusha mjukuu wangu. Kisha nikalitandaza koti kati ya vipande viwili vya gunia ili tope lisilifikie, nikashona kwa mshono wa kurudia, ule ambao sindano hurudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Upande mmoja niliuacha wazi nikaufunga kwa kamba, ili siku ya kufua cha ndani kitoke. Mkono mmoja wa koti, niliokuwa nimeukata kwanza, nikaujaza matambara, nikaufunga fundo ncha zote mbili, ukawa zawadi yake ya kuguguna. Kopo nikamrudishia mwenyewe.

Tomi aliinusa kazi yangu kwa muda mrefu. Akaingia kibandani mwake, nilipolitandika, akalala juu ya blanketi, na ule mkono wa koti akauweka chini ya kidevu. Jioni alikula.

Siku ya kugawa nguo ilipofika, baba mdogo alisema koti ni la shangazi yetu, ambaye sote tulimwita Senje. Alikuwa ametoka Butali alikoolewa, na alikuwa amesema mapema kwamba hataki kitu kingine cha kaka yake. Koti likatafutwa, halikuonekana. Katikati ya kutafuta, mke wa baba mdogo alifungua kopo la Roselida apate sindano ya kurekebisha shati lililofumuka. Akakuta vifungo sita vya kahawia.

Akavishika kiganjani ili wote waone. "Hii koti imeacha vifungo kwako, Roselida. Yenyewe imeenda wapi, sokoni?"

Wengine walicheka, kisha kicheko kikakatika. Mtu aliyekaa nyuma akasema neno mwizi, si kwa sauti kubwa.

Roselida alisema hajui vifungo vimeingiaje, na kwamba kopo alikuwa ameniazima mimi. Watu wote wakanigeukia. Mwanangu, hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Lakini nilifikiria watakavyonicheka, kijana aliyesoma, amemtandikia mbwa koti la baba yake kabla ukoo haujakaa. Nikasema, "Mimi nilishona gunia la mbwa, basi."

Yalikuwa maneno ya kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Roselida alinitazama mara moja tu. Akawaambia wale watu, "Nimekaa hapa miaka sita. Kuna kijiko kimewahi kupotea? Haya, nipekueni. Muanze na kitanda."

Wakampekua kweli. Godoro lilitolewa nje. Hawakupata kitu, na hata hivyo hakuna aliyemwomba radhi. Mchana huo huo alimbeba mtoto wake mgongoni, akaenda kwa wazazi wake Iguhu. Nilimwona akipita, nikajifanya nachota maji.

Wiki ya pili baada ya Roselida kuondoka, Tomi alianza kupata nafuu. Mbwa aliyepona hucheza, nami sikuwa nimefikiria hilo. Asubuhi moja alitoka kibandani na ule mkono wa koti mdomoni, akauangusha miguuni pa Senje, ambaye alikuwa bado hajarudi Butali, akimenya maharagwe pamoja na mama. Senje aliuokota, akaugeuza, akautazama mshono. Akaniita.

"Nani alikufundisha kushona hivi?"

Nikamjibu kwamba ni Roselida.

"Basi aliyekupa sindano ndiye uliyemwacha atolewe godoro nje." Akaendelea na maharagwe yake kidogo. "Hiyo koti ungeniomba, ningekupa. Hata tungeikata pamoja."

Nilichukua blanketi kibandani, nikalibeba begani mpaka Iguhu, na nikaeleza yote mbele ya wazazi wa Roselida. Roselida ndiye aliyesema, bila hasira, "Ungesema siku ile tungekucheka mpaka jioni, halafu iishe."

Kaka alikwenda kumchukua, na baba mdogo akamwomba radhi mbele ya watu. Maisha yaliendelea. Lakini tangu hapo, Roselida akitaka kutoka katika nyumba yoyote, yetu au ya jirani, alisimama mlangoni akafungua mkoba wake. "Muone, sijabeba kitu." Aliisema kama mzaha, na watu walicheka. Nilimwomba msamaha mara nyingi, nikiwa kijana na nikiwa mzee. Kila mara aliniambia yameisha. Mkoba aliendelea kuufungua mpaka mwaka aliokufa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kushona kama mjukuu wangu, shona. Mbwa husikia baridi kama wewe, na hakuna aibu katika kumpa joto. Ila kabla hujakata kitambaa, uliza ni cha nani, hata kama kimechakaa, hata kama mwenyewe hayupo duniani. Kukosea utakosea. Ukikosea, sema wewe, siku ileile, kabla mwingine hajaulizwa kwa niaba yako. Usichague kipande cha ukweli kinachokufaa ukajificha humo. Watakucheka, nawe kubali kuchekwa. Mimi sikukubali, na aliyebeba aibu yangu ni mtu aliyenitendea wema tu.

Mungu akupe mikono yenye huruma na mdomo usiochelewa. Akujalie watu watakaokusahihisha ukiwa bado mdogo. Na yeyote atakayekaa karibu nawe, aishi miaka yake yote bila kuhisi kwamba anapaswa kujitetea.